Setilaiti haijui tangini mna lita ngapi

Asubuhi moja tajiri mwenye kituo cha mafuta upande wa Nungwi, Unguja, alinipigia simu, hata salamu hazijesha: "Fundi, lita 40 hazipo. Niangalizie gari ilisimama wapi."

Kifaa cha kufuatilia mwendo nilikifunga mwenyewe kwenye ile gari ya kubebea mafuta, nikafungua ramani. Ilipakia mafuta Mtoni mchana wa jana yake, ikapita Bububu, Mahonda na Kinyasini bila kusimama, ikafika kituoni karibu na magharibi. Ikalala pale pale na kushusha baada ya alfajiri. Tajiri hakuridhika: "Basi hicho chombo chako kinasema uongo."

Wengi hudhani setilaiti inaitazama gari kutoka juu kama kunguru juu ya mnazi. Haioni kitu. Setilaiti za GPS, mfumo wa kujulisha mahali, ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kifaa cha kwenye gari kinasikiliza tu, kinapima wimbi limechukua muda gani kufika. Muda wenyewe ni kama sehemu 7 za mia za sekunde. Kikizisikia setilaiti 4, kinajua kilipo. Tatu zingetosha, lakini saa ya kifaa ni ya bei rahisi: ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, hesabu ya umbali inapotoka mita 300. Ile ya nne ndiyo ya kuisahihisha saa.

Hapo setilaiti imemaliza. Anayeleta khabari ofisini ni laini ya simu, hii hii ya kutia vocha. Mtandao ukikatika, gari huonekana imeganda kijijini, kisha ghafla inaruka hadi mji wa pili. Kifaa kizuri huweka kumbukumbu na kuzituma baadaye, kila moja na saa yake. Soma saa ya tukio, usisome saa ujumbe ulipoingia. Kuna dereva Pemba alikaribia kufukuzwa kazi kwa "kusimama" dakika 20 ambazo hakusimama hata moja.

Pemba ina jambo jingine: vilima. Ukitia ndani ya tangi kipimo cha kina, gari ikipanda mlima mafuta yanakimbilia nyuma na mchoro unaonyesha wizi usiokuwepo. Gari za kutoka bandari ya Wesha mimi nazifunga kihisi cha vali, kinachojua koki ya kushushia mafuta ikifunguliwa. Kwenye ramani nachora mstari wa mpaka kuzunguka bandari na kila kituo. Vali ikifunguliwa nje ya mipaka hiyo, simu ya mwenye mali inalia papo hapo. Kusimama peke yake hakuthibitishi kitu. Mtu husimama kusali, hununua maji, hupishana na harusi.

Turudi kwenye lita 40. Gari ya Nungwi nayo ina kihisi hicho, na vali haikuguswa mpaka alfajiri. Nikamwendea dereva, mtu mzima aliyeanza kazi hii mimi nikiwa skuli. "Mwanangu," akasema, "mafuta yakilala hupungua. Nimemwambia, hataki kusikia."

Petroli hutanuka kiasi cha sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto, na ikipoa hunywea vile vile. Karatasi ya kupakilia ilionyesha lita 12,000 kwa nyuzi 32. Kituoni hakuna aliyepima. Safari iliyofuata tukairudia makusudi: ikapakiwa mchana kwa nyuzi 32, ikalala, alfajiri kipimajoto kikasoma 29. Nyuzi 3 kwa lita 12,000 ni lita 36. Nne zilizobaki sikuhangaika nazo. Kijiti cha kupimia chenyewe, akishika mwenye haraka, hukosea zaidi ya hapo, na mipira ya kushushia haikauki yote.

Siku hizi kabla sijafunga kifaa namwambia mwenye gari anunue kwanza kipimajoto, na joto liandikwe kwenye karatasi pande zote mbili, ya kupakilia na ya kushushia. Kinagharimu kidogo sana kuliko kazi yangu, na wengine hunishangaa kwa kujiharibia biashara.

Yule tajiri alikuwa keshamkata dereva thamani ya lita 40. Alimrejeshea mwezi uliofuata. Nusu.