Maharage, uniti na ule waya wa ekstensheni

Siku hizi kila nyumba ninayoingia kufanya kazi naulizwa swali moja, fundi hivi nikipikia umeme uniti si zitaisha siku mbili? Nawaelewa kabisa, maana nishati safi ya kupikia ndo habari ya mjini sasa hivi, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaambiwa ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mama anayebandika maharage Mbagala anataka kujua elfu mbili yake ya LUKU itamfikisha wapi, tuanzie hapo.

Uniti moja ni kitu cha wati 1000 kikiwaka saa nzima. Wengi waliojaribu kupikia umeme walianza na lile jiko la koili la wati 1500 au 2000, sasa ukiliwasha masaa mawili matatu kwa ajili ya maharage ushakula uniti nne mpaka tano, na kwa mteja wa kawaida uniti ni kama shilingi 356 ukijumlisha kodi, hapo sufuria moja imemeza zaidi ya 1,400, lazima ulichukie jiko. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine kabisa. Limeandikwa wati 1000 lakini haliwaki muda wote, presha ikishapanda linajikata, linarudi kuwaka kidogo kidogo tu, joto linabaki humohumo ndani. Nimepima kwangu, nusu kilo ya maharage haikufika nusu uniti, yaani chini ya shilingi 200, na bei ya mkaa mnaijua wenyewe. Wale mlio kwenye tarifu ndogo, ile bei ya wanaotumia umeme kidogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, ndo inawatoka rahisi zaidi, kama shilingi 122 kwa uniti, ila mchunge msipitishe hizo 75 maana zinazozidi zinapanda bei sana.

Kinachoninyima usingizi mimi sio uniti, ni waya. Nyumba zetu nyingi za kupanga chumba kina soketi moja, mpangaji ananunua ekstensheni ya bei rahisi, anachomeka friji, tv, chaja tatu, halafu anaongeza na jiko. Soketi yenyewe ni ya ampea 13, kama wati 3000 hivi, lakini ule waya wa ekstensheni ni mwembamba mno hauwezi kubeba hata nusu ya hapo kwa muda mrefu. Unapata moto, unalainika, siku moja plagi inayeyuka. Nimeshabadilisha soketi nyingi zilizoungua namna hii, na chumba cha pembeni kuna watoto wamelala. Kwa hiyo jiko lichomeke kwenye soketi ya ukutani, peke yake, iliyovutwa na waya mnene wa milimita za mraba 2.5 na yenye ethi (ule waya wa ardhini wa kukukinga na shoti) inayofanya kazi, sio ule mwembamba wa 1.5 wa taa. Ukishika plagi ukakuta ya moto, zima, ita fundi. Na nyie wenye nyumba, soketi moja ya jikoni haiwezi kuwashinda jamani, wapangaji wenu ni watu.

Mama yangu kapikia kuni maisha yake yote na kile kikohozi chake nakisikia tangu nasoma shule ya msingi. Kijijini kwao waliunganishiwa umeme kwa ile ada ya shilingi 27,000, na kwa miaka yote hiyo ulikuwa wa taa na kuchaji simu tu. Mwezi uliopita nimempelekea jiko la presha la umeme, nikamvutia waya mwenyewe mpaka jikoni, nikakaa naye siku mbili akalizoea. Aliniuliza swali moja, mwanangu ugali nitausongea wapi humu? Nikamwambia ukweli mama, humu hausongeki. Sasa hivi makande na maharage anachemshia umeme, ugali bado uko kwenye mafiga.