"Mgonjwa hajaumia, basi yameisha": jamani manesi, hayajaisha

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa nesi mzuri kabisa, mwenye huruma, ambaye ningefurahi anihudumie mwenyewe. Kampa mgonjwa dawa ya presha ya kitanda cha jirani, akashtuka, akapima presha kila baada ya muda, ikakaa sawa, mgonjwa kalala mpaka asubuhi. Sasa ananiuliza, ripoti ya kosa niiandike ya nini wakati hakuna aliyeumia, si najichongea bure? Nafundisha manesi walioko kazini na hili swali naulizwa karibu kila semina, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu.

Mgonjwa hajaumia kwa sababu presha yake iliweza kuhimili, basi. Wewe hukufanya chochote kilichomwokoa kabla ya kidonge kuingia mdomoni. Kosa hilo hilo likifanyika kesho kwa mtu ambaye presha yake tayari iko chini, anaanguka njiani akienda chooni. Yani kuumia au kutoumia ni habari ya mwili wa mgonjwa, haituambii chochote kuhusu jinsi dawa ilivyofika kitanda kisicho chake, na hicho ndo tunachotaka kujua: majina yalifanana? chati ziliwekwa pamoja? uliitwa na mtu katikati ya kugawa dawa?

Nilipokuwa mgeni kazini nilichota dawa kwenye vaili (kichupa cha dawa ya sindano) ambayo siyo. Mwenzangu aliisoma lebo kabla sijafika kwa mgonjwa, akanishika mkono. Nikaandika ripoti huku natetemeka, na siku mbili baadae wenzangu wawili wakanifuata pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniambia na wao walishawahi kuchukua vaili hiyo hiyo kwenye rafu hiyo hiyo, kifuniko rangi moja na ile ya pembeni yake, ila walinyamaza. Watu watatu, rafu moja! Kama wa kwanza angesema mimi nisingefika hapo. Zilitenganishwa kesho yake, kazi ya dakika kumi.

Na mambo haya yana mifano mikubwa kuliko rafu yangu. Vinkristini, dawa ya saratani, inaingia kwenye mshipa tu, ikichomwa kwenye uti wa mgongo karibu kila mara inaua, na kwa miaka mingi imekuwa ikichomwa huko kimakosa katika nchi tofauti na watu waliosoma vizuri, kwa sababu bomba lake la sindano lilikuwa linaletwa pamoja na la dawa ya uti wa mgongo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa tahadhari: iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba, maana mfuko wa dripu huwezi kuudhania ni sindano ya mgongo. Suluhisho hilo lilipatikana kwa sababu vifo vile viliandikwa na kulinganishwa. Kilichofichwa kwenye wodi moja hakiwezi kumfundisha mtu wa wodi nyingine.

Dhana hii ina ndugu yake, inatoka kwa wakubwa zaidi: wodi yenye ripoti nyingi ni wodi mbovu. Hapana. Miaka ya 1990 mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, alikuta timu za wodi zilizofanya kazi vizuri zaidi ndizo zilizoonekana na makosa mengi zaidi ya dawa, na maelezo aliyoyapata ni kwamba kule watu hawakuogopa kusema. Incharge, yani nesi msimamizi wa wodi, anayejisifu wodi yake haina ripoti hata moja mwaka mzima mimi ananitia wasiwasi.

Najua mtanitajia yule nesi wa Tennessee, Marekani, aliyetoa dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kutuliza mwaka 2017, mgonjwa akafariki, na mwaka 2022 mahakama ikamtia hatiani ingawa alikiri kosa tangu mwanzo. Hofu yenu naielewa na siwezi kukuahidi kila bosi na kila mahakama itakutendea haki. Ila kosa la bahati mbaya na kughushi chati ili kulificha ni vitu viwili tofauti, la kwanza lina utetezi, la pili linakuondolea hata wale waliokuwa tayari kukutetea.

Kwa hiyo likitokea: mgonjwa kwanza, mwite daktari, pima, halafu andika kilichotokea na saa yake kabla zamu haijaisha, bila maoni, bila kumlaumu mtu. Na mgonjwa aambiwe. Hapa sitaki mjadala, mwili ni wake.

Misemo mingine ninayoisikia, haraka haraka.

"Daktari kaandika, mi natekeleza tu." Kanuni za maadili za baraza la kimataifa la wauguzi za mwaka 1953 kweli zilimtaka nesi atekeleze maagizo ya daktari kwa uaminifu, ila toka toleo la 1973 wajibu wa kwanza ni kwa mtu anayehitaji huduma. Dozi ukiona siyo, uliza kabla ya kutoa. Na kile kiapo mnachokiita cha Nightingale hakukiandika Nightingale, kiliandikwa Detroit mwaka 1893.

"Sijataja jina." Umepiga picha ya kidonda chenye tatuu ukarusha kwenye grupu, ndugu zake wanamjua kwa tatuu hiyo.

"Kisichoandikwa hakijafanyika," kwa hiyo mtu anajaza joto na mapigo ya moyo ambayo hakuyapima! Msemo ule unakutaka uandike ulichofanya. Kama hukupima andika hukupima na kwa nini.

"Kujiendeleza kikazi ni kukusanya pointi za semina." Unakaa semina saa sita unachati, unachukua cheti, unarudi wodini unafanya vile vile. Bora nusu saa mwisho wa wiki wewe na wenzako wawili, mchukue kisa kimoja cha nusura, yani kosa lililokaribia kumdhuru mgonjwa, kilichotokea kwenu, muulizane kingezuiwa wapi, halafu mbadilishe kitu kimoja kabla ya Jumatatu.