Bustani nyeupe ni nini?

Bustani nyeupe ni bustani ya rangi moja: maua yote meupe, na mengine yote ni majani. Hayo majani ndiyo yanayosahaulika. Mtu hujaza maua meupe matupu, kisha tuta linafanana na nguo zilizoanikwa. Sissinghurst, huko Kent, Uingereza, ndiko kwenye bustani nyeupe maarufu kuliko zote. Mwandishi Vita Sackville-West, aliyeibuni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliieleza kuwa ya kijivu, kijani na nyeupe, na nyeupe akaitaja mwisho. Familia yake ilipita hapo jioni ikienda kula. Giza likiingia, ua jekundu hupotea kwanza, jeupe hubaki likionekana.

Ua jeupe kwa kawaida halina rangi yoyote ndani yake. Kati ya seli za petali mna nafasi ndogo ndogo za hewa, nazo ndizo zinazorudisha mwanga. Finya petali ya asumini: hewa hutoka, pale ulipofinya pananyauka na kupenyeza mwanga, baadaye panakuwa kahawia. Petali ni laini hivyo, basi mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya maua. Kwenye waridi jeupe, alama za kahawia pembeni mwa petali mara nyingi ni kazi ya thripsi, wadudu wadogo sana. Fumbua ua, kung'uta juu ya karatasi, utawaona.

Kwa tuta la Pwani la mita 3 kwa 1.5, panda asumini 3 nyuma, kila mita 1, mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Mbele zatosha vinka nyeupe 20 kwa safu mbili, sentimita 30 baina ya miche. Katikati acha majani mapana ya kijani. Lavenda, yenye majani ya kijivu, inafaa nyanda za juu. Unyevu wa Pwani huiozesha.

Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, basi ipogoe kila wimbi la maua linapokwisha. Mbolea nyingi ya naitrojeni itakupa majani tu.

Vinka hujiotesha. Ikiwa jirani ana vinka ya rangi ya waridi, miche mingine itachanua kwa rangi hiyo: ing'oe siku ua la kwanza linapofunguka, kabla haijatoa mbegu. Maua makavu nayo yatoe kila baada ya siku mbili, kwani kwenye weupe kahawia haijifichi.