"Tukiweka WordPress, Fundi Hatumhitaji Tena": Dhana Potofu na Ukweli

Kauli hiyo husikika karibu kila mteja anapochagua kati ya CMS (programu ya kusimamia maudhui ya tovuti, kama WordPress) na tovuti ya kuandikwa kwa mkono, na imeshagharimu tovuti nyingi mno.

CMS hukuondolea kazi moja tu: kumwita mtu anayejua kodi (maagizo ya kompyuta) kila unapotaka kubadilisha maneno au picha. Kazi nyingine zinabaki palepale, na mpya zinaongezeka. Ukurasa wa HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za wavuti, ni faili. Seva hulitoa kama lilivyo. Ukurasa wa WordPress hupikwa pale unapoombwa: PHP (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva) inaamka, hifadhidata inaulizwa, themu (mwonekano wa tovuti) na kila plagini (programu-nyongeza) iliyowashwa inachukua zamu yake. Kila kimoja kina toleo lake, mwandishi wake na dosari zake.

"Si inajisasisha yenyewe?" Kwa kiasi. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, WordPress hujiwekea masasisho madogo ya usalama. Plagini na themu kwa kawaida husubiri mtu awashe chaguo hilo, lililoingizwa katika toleo la 5.5 mwaka 2020. Plagini ya kulipia ikiishiwa leseni, mara nyingi haipokei tena kitu. Iliyofungashwa ndani ya themu humngoja mtengeneza themu. Na iliyotelekezwa na mwandishi wake haikuletei taarifa yoyote ya sasisho. Watu huuona ukimya huo wakadhani mambo ni shwari.

Tena muda wenyewe ni mfupi. Tarehe 15 Oktoba 2014, Drupal, CMS nyingine, ilitangaza dosari kubwa katika toleo lake la 7. Wiki mbili baadaye timu yake ya usalama ikawaambia wenye tovuti: kama hamkusasisha ndani ya saa 7 tangu tangazo, hesabuni kwamba mmeshaingiliwa. Saa 7! Aliyepanga kuangalia mwisho wa mwezi alishachelewa kabla ya kesho yake.

Kwa hiyo matunzo ni haya, kila wiki, na dosari kubwa ikitangazwa ni siku hiyohiyo. Anza na bekapu ya hifadhidata pamoja na folda ya wp-content (yenye themu, plagini na picha zako), kwa sababu moja bila nyingine hairudishi tovuti; iweke nje ya seva hiyo. Sasisha plagini mojamoja, ili kitu kikivunjika ujue mkosaji ni nani. Kisha jitumie ujumbe kupitia fomu ya mawasiliano uone kama umefika, maana fomu hufa kimyakimya. Ukurasa ukigeuka mweupe, ingia kwenye mafaili ya seva kwa FTP (njia ya kuhamishia mafaili), nenda wp-content/plugins na ubadilishe jina la folda ya plagini uliyoigusa mwisho, WordPress itaizima. Plagini usiyoitumia ifute kabisa. Kuizima tu kunaacha mafaili yake kwenye seva, na faili lenye dosari linaweza kuitwa moja kwa moja kwa anwani yake.

Fungua pia wp-content/uploads. Humo ni makazi ya picha na hati. Ukikuta faili la .php, ukiacha index.php tupu ambazo baadhi ya plagini huziweka, amini kwanza kuwa umedukuliwa, ndipo uchunguze. Na iamuru seva isiendeshe PHP yoyote ndani ya folda hiyo.

Kama huwezi kumtaja kwa jina mtu atakayefanya haya yote, usiweke CMS.

"Kodi ya mkono ni salama kwa sababu hakuna anayeijua." Kurasa za HTML tupu ni salama kwa sababu hakuna programu ya kushambulia, si kwa sababu zimefichika. Ukishaongeza fomu inayoandika kwenye hifadhidata, au mlango wa kuingilia wenye nywila, usalama wote umekuangukia wewe. Roboti zinazojaribu kupenyeza SQL (lugha ya kuamuru hifadhidata) kwenye kila kisanduku hazijali nani aliandika. Tumia hoja zilizoandaliwa (prepared statements, zinazotenganisha amri na alichoandika mtumiaji), na nywila zipitishe password_hash, kitendakazi cha PHP cha kuzificha, kamwe usizihifadhi wazi.

"CMS ni nzito." Mara nyingi kizito ni picha ya upana wa pikseli 4000 iliyotolewa kwenye simu ikabandikwa ilivyo. Ingelemea hata ukurasa ulioandikwa kwa mkono. Ipunguze hadi 1600, ihifadhi kama WebP (muundo wa picha nyepesi), washa kashe (nakala za kurasa zilizokwisha kupikwa), ndipo upime.

"Google inaipendelea WordPress." Hapana. Google husoma HTML inayofika, haijali imetoka wapi.

"Lazima uchague kimoja kati ya viwili." Programu kama Hugo, Jekyll na Eleventy huchukua maandishi yako na themu, zikazalisha HTML tupu. Kurasa tano zinazobadilika mara mbili kwa mwaka hazihitaji zaidi ya hapo. Watu watatu wasiojua kodi wakichapisha kila wiki, hapo CMS inastahili gharama yake.

"Tukichoka tutahama tu." Makala zilizojengwa kwa plagini ya kupangia kurasa mara nyingi hubaki na misimbo ya mabano ya mraba (shortcodes) ikionekana katikati ya maneno pale plagini inapoondolewa, na kuisafisha ni kazi ya ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya kuhama, orodhesha anwani zote za zamani na uziwekee uelekezaji wa 301 (unaompeleka mgeni kwenye anwani mpya moja kwa moja na kudumu), mojamoja kwenda kwenye ukurasa unaolingana. Usizimwage zote kwenye ukurasa wa mwanzo.