Si kila mwimbaji wa Afrika Magharibi ni griot

Siku hizi mtu akishika kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, jukwaani, au akiimba kwa Kibambara tu, tayari kaitwa griot. Sivyo. Griot ni mtu aliyezaliwa katika ukoo ambao kazi yake ni kuhifadhi historia na nasaba za watu, kuzisimulia na kuziimba, na kusuluhisha waliogombana. Jina hilo limeenezwa na Wafaransa. Wabambara wa Mali husema jeli, Wamandinka wa Gambia jali, Wawolofu gewel.

Kinachosahaulika ni huo ukoo. Ukisikia jina Kouyaté, umeshajua ni ukoo wa majeli: masimulizi yanamtaja Balla Fasséké Kouyaté kuwa jeli wa Sundiata Keita, mwasisi wa dola ya Mali katika karne ya 13. Ndiyo maana inaniudhi Salif Keita, mwimbaji maarufu wa Mali, anapoitwa griot. Keita ni ukoo wa kifalme, wao ndio wa kuimbiwa. Alipoamua kuimba, nyumbani kwao walimpinga kwa sababu hiyo hiyo. Kumwita griot ni kufuta kilichomgharimu. Sauti anayo, nani atabisha, lakini ujeli haupatikani kwa sauti. Hata kumwita griot malenga hakutoshi, kwani malenga huchipuka nyumba yoyote.

Sasa mtazame mwimbaji Djely Tapa wa Montreal, Kanada. Mama yake ni Kandia Kouyaté, jeli mashuhuri wa Kita nchini Mali. Albamu ya binti huyo, Barokan, yenye midundo ya kielektroniki, ilipata Juno, tuzo ya muziki ya Kanada, mwaka 2020. Anayedhani kompyuta imemvua ujeli amekosea mlango. Kora yenyewe kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Jelimuso, jeli wa kike, silaha yake kuu ni sauti. Harusini humwendea mtu, hutaja jina la ukoo wake na kuwapanga wahenga wake mmoja mmoja, mpaka mwenyewe ainuke kumtunza kwa noti, kama kwenye taarabu. Ila kutunzwa huku ni haki ya jeli, hata kama wimbo haukukukuna.

Ugenini, mbele ya ukumbi wa watu asiojua nasaba zao, inambidi kwanza afundishe ndipo asifu.

Kwa hiyo kama hujui ukoo wake, mwite mwimbaji, au mpiga kora. Hayo nayo ni majina ya heshima.