Glandi ya shafti ikidondosha maji, usikimbilie spana

Shafti nyingi, hivi vyuma vinavyozungusha propela, tunazoletewa chuoni zikiwa zimeliwa, ukimuuliza mwenyewe ilikuwaje hadithi ni ileile: alichungulia ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo, akaona maji yanadondoka kwenye glandi, yaani kile kifungio cha pale shafti inapopita kwenda nje, akachukua spana akabana mpaka pakakauka kabisa, akarudi zake nyuma tezini roho kwatu. Sasa nyie wenye majahazi na mashua za tanga zenye injini ya ndani naomba tuelewane, lile tone linatakiwa kuwepo.

Ndani ya glandi kuna pete tatu au nne za kamba ya pakingi, ya kitani yenye mafuta mazito au ya tefloni, zinabanwa zishike shafti. Shafti inazunguka muda wote mnapotembea kwa mashine, na maji kidogo yanayopenya ndiyo yanapoza na kulainisha. Ukiyakata yote pakingi inakauka, inaungua, inakuwa ngumu, halafu inaanza kuchimba mfereji kwenye shafti, na shafti yenye mfereji hata uiwekee pakingi mpya kila mwezi itavuja tu, hapo dawa ni shafti nyingine na bei yake mnaijua.

Kwa hiyo hesabu matone. Injini ikiwa kwenye gia, mawili matatu kwa dakika yanatosha, ukizima yapungue sana au yakate. Matone 3 kwa dakika siku nzima ni matone 4,320, na matone 20 hivi ndiyo mililita 1, yaani ni kama glasi moja ya maji. Lakini tone moja kila sekunde ni 86,400 kwa siku, zaidi ya lita 4, chombo kikilala nangani wiki nzima bila mtu wa kufua maji ni lita 30 hizo, bado hujaweka yanayopenya kwenye mbao zilizokalafatiwa vibaya.

Ikizidi, legeza lokinati (ile nati inayoifunga nati kubwa isijifungue), kaza nati kubwa kidogo sana, isifike hata robo mzunguko (kama glandi yako ni ya bolti mbili, zikaze sawasawa isikae upande), washa, tembea dakika kumi halafu shika glandi yenyewe, siyo shafti. Ikiwa vuguvugu sawa, ikikuunguza umebana mno, legeza. Na usiingie pale na kikoi kinaning'inia, shafti ikikinasa inakuvuta na wewe.

Nati ikifika mwisho, pakingi imekwisha. Ngoja chombo kipandishwe au kipwelewe, yaani maji yakupwe kikae pakavu, utoe zile za zamani ZOTE kwa kulabu, maana watu wanaongeza pete moja juu ya zilizooza halafu wanashangaa. Chukua kamba ya unene uleule, izungushie chuma cha unene sawa na shafti, kata kwa mshazari, kila pete peke yake, usiingize kamba moja ndefu ukaizungusha kama chemchemi. Maungio ya pete yasikae mstari mmoja, la sivyo umewatengenezea maji njia. Bana kwa mkono tu, kukaza kwingine utamalizia kikishaelea.

Ukibadilisha leo na baada ya safari chache inavuja tena, pakingi haina kosa. Angalia kama nailoni ya wavuvi imejisokota kule kwenye propela, angalia beringi ya mpira ya nyuma kama imelegea, na injini kama imekaa sawa na shafti, na hilo lipime chombo kikiwa kimeshaelea siku moja mbili, kwa sababu mbao zikiwa nchi kavu zinakaa vingine.

Boti nyingine siku hizi zina sili ya mpira isiyodondosha tone. Nzuri, ila mpira unazeeka hata boti isipotembea, kwa hiyo fuata muda wa kubadilisha ulioandikwa na mtengenezaji, na hoskilipu, vile vibano vinavyoukaza mpira, ziwe mbili kila upande, za chuma kisichoshika kutu. Halafu kuna jambo letu la pwani, boti ikipwelewa hewa inaingia mle kwenye sili, maji yakijaa ile hewa inabaki imenaswa na sili inazunguka kavu mpaka inaungua. Kandamiza mpira kwa vidole mpaka uone maji yanatoka, kila boti inapoelea tena, kabla hujawasha injini.