Kioo kikiingia ukungu si lazima ung'oe dirisha zima

Wengi wetu huku kwenye baridi, Marekani au Uingereza, tunaamini dirisha la vioo viwili likishika ukungu basi limekufa, ling'olewe na fremu yake. Si lazima. Pitisha kidole kwa ndani, ukifutika ni mvuke tu wa kupika na kuoga, ruhusu hewa ipite. Ukifutika kwa nje asubuhi ni umande, na mara nyingi ni dalili kioo kinazuia vizuri joto la ndani lisitoke. Usipofutika kote kote ndo uko katikati, yaani sili, ile gundi inayoziba kingo za vioo, imeachia na zile chembe za kunyonya unyevu pale pembeni zimeshashiba. Hata hapo, fremu ikiwa nzima fundi anaweza kubadilisha vioo tu, na kabla hujalipa cheki waranti, tarehe mara nyingi imechapwa kwenye ule ukanda wa pembeni unaotenganisha vioo viwili.